Kombe la Dereva wa Basi Namba Nne

Habari yenyewe aliisoma Joleen, tena kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi. Alisimama nyuma ya kaunta ya kituo chake cha mafuta, simu mkononi, miwani imemshuka puani, birika la kahawa amelisahau. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, mwezi wa nne, katika mji wa Orvale, ambao watu wa jiji la Omaha ukiwauliza uko wapi wanakunyoshea kidole magharibi na kukutakia safari njema.

"Nyamazeni nyote! Ukurasa wa wilaya ya shule umetoa habari. 'Habari na Shangwe za Wilaya Yetu.'"

"Shangwe gani tena?" akadakia Kiazi, mdomo umejaa kolachi, andazi lenye jemu ya plamu katikati. "Wiki jana walishangilia choo cha shule ya msingi kuzibuliwa. Picha tatu! Mkuu wa wilaya ya shule amesimama kando ya choo anatabasamu kama kakizaa yeye."

"Na timu ya mpira je?" akasema Shemasi taratibu, akikoroga kahawa isiyo na sukari. "'Vijana wetu wameonyesha moyo.' Ukisikia wameonyesha moyo, ujue ni pointi sitini na tatu kwa bila."

Meza ya dirishani ikacheka. Walikuwa watatu tu, lakini kelele zao ni za mnada wa ng'ombe. Kiazi alikuwa mkulima wa mahindi mwenye mwili wa ghala. Jina hilo alilipata kwenye karamu ya kanisa, alipokula viazi vya kuchoma kumi na kimoja halafu akauliza chakula kinaanza saa ngapi. Shemasi alikuwa shemasi kweli wa kanisa la Kilutheri, mzee mpole wa uso na mkali wa ulimi. Wa tatu alikuwa Lavern Kovarik, ila ukimwita Lavern hageuki. Yeye ni Klachi, kwa sababu katika mji mzima ni mguu wake peke yake unaoelewana na klachi ya Bibi, gari la zamani la zimamoto, jekundu, la mwaka sabini na nne.

Bibi siku hizi hazimi moto. Moto una gari lake jipya. Bibi ana kazi moja tu: mwana wa Orvale akishinda kombe la jimbo, Bibi anatoka mjini hadi daraja la mpakani kumlaki, anapiga king'ora, anamtangulia mpaka barabara kuu, na watu wanajipanga pande zote mbili wakigonga masufuria. Klachi amefanya hivyo mara kumi na moja. Ila miaka tisa sasa imepita bila kombe, na masufuria ya Orvale yamebaki kupikia tu.

"Mnasikiliza au mnapiga domo?" Joleen akapandisha miwani. "'Wilaya inajivunia kutangaza kwamba tumepata bingwa wa jimbo.'"

Kiazi akaacha kutafuna. Kwa Kiazi hilo ni jambo la kuandikwa kwenye kalenda.

"Bingwa wa nini? Mieleka? Wale mapacha wa Pavelka? Nilisema mimi!"

"'Bingwa wa jimbo katika mashindano ya madereva wa mabasi ya shule, yaliyofanyika jana mjini Lincoln, ni dereva wetu wa basi namba nne, Bi Arlys Vondracek.'"

Shemasi akamwangalia Klachi. Joleen akamwangalia Klachi. Kiazi akaangalia sahani, halafu naye akamwangalia Klachi.

"Mnaniangalia nini?" akasema Klachi. "Mimi ni televisheni?"

"Hakuna aliyesema kitu," akasema Shemasi.

"Basi endeleeni kutosema."

Lakini kijiweni hakuna cha kutosema. Joleen akamimina kahawa vikombe vyote kwa mkupuo, ishara kwamba mjadala umefunguliwa rasmi.

"Kombe la jimbo ni kombe la jimbo," akasema. "Anarudi leo na basi lake. Bibi anakwenda darajani au haendi?"

"Ngoja kwanza, mama," Kiazi akainua kidole chenye jemu. "Tusichanganye mambo. Kombe ni la kukimbia, la kuruka, la kumpiga mtu mweleka hadi mama yake asimtambue. Kuna kombe la kurudisha basi nyuma? Kesho mpishi wa shule atashinda ubingwa wa kukaanga mayai, tumtolee king'ora?"

"Unajua walichomfanyisha?" Joleen akasoma. "'Alipitisha magurudumu ya nyuma kati ya mipira miwili ya tenisi bila kuigusa. Alirudisha basi la futi arobaini kwenye kona, koni za barabarani ishirini na nne, hakuangusha hata moja.' Koni ishirini na nne, Kiazi! Wewe mwaka jana ulirudisha tela ukaingia nalo kibarazani kwa kanisa."

"Kibaraza kile kilijengwa karibu mno na barabara!"

"Kilijengwa mwaka elfu moja mia nane tisini na sita," akasema Shemasi. "Barabara ndiyo iliyokifuata, siyo?"

Klachi hakucheka. Alikuwa ameingiza mkono mfukoni na anachezea kitu humo, macho nje ya dirisha kwenye pampu za dizeli, kama vile pampu zina neno la kumwambia.

Kisa kila mtu anakijua, lakini nitakisema, maana kisa kisiposemwa huoza. Mwezi wa kumi uliopita, asubuhi, Arlys alisimamisha basi namba nne mbele ya nyumba ya akina Pavelka. Taa nyekundu zikawaka, kile kibao chekundu cha SIMAMA kikachomoza ubavuni. Sheria ya jimbo anaijua hata kuku: kibao kikitoka, magari yote yanasimama, ya mbele na ya nyuma. Klachi alikuja mbele kwa mbele na pikapu yake akapita vuuu. Arlys, mke wa marehemu rafiki yake, mwanamke aliyewahi kulishwa keki ya harusi na Klachi mwenyewe, msimamizi wa bwana harusi, akaandika namba ya gari akampigia simu sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Klachi akasimama mahakamani. Jina lake likatoka kwenye gazeti la kaunti kati ya mwizi wa mbolea na mlevi aliyelala kwenye gari la jirani. Na kibaya kuliko vyote, kikosi cha zimamoto kikamnyang'anya funguo za Bibi siku thelathini.

Tangu hapo, miezi sita, hajasemezana na Arlys. Wakikutana kanisani, yeye anasoma ubao wa namba za nyimbo.

"Mimi sina neno na mtu," akasema sasa. "Ila Bibi ni wa watoto. Wanafunzi. Huyo ni mwajiriwa. Amelipwa kuendesha, ameendesha. Shangwe ya nini?"

"Sema kweli," akasema Shemasi. "Hasira yako ni ya kibao."

"Kibao kimeingiaje hapa?"

"Kibao hakijawahi kutoka hapa. Tangu mwezi wa kumi tunakunywa nacho kahawa."

"Jua lilikuwa machoni!" Klachi akagonga meza. "Nimesema mahakamani, nimesema hapa, nasema tena. Jua lilinipiga machoni, sikuona kibao!"

"Lilimpiga!" Kiazi akadakia, maana Kiazi ni rafiki wa kufa na kuzikana. "Naapa kwa kaburi la mama yangu, jua la siku ile halikuwa jua la kawaida. Mimi mwenyewe nilikuwa shambani nikavaa kofia mbili."

"Haya, tupige hesabu ya darasa la pili," Joleen akaweka mikono kiunoni. "Saa mbili kasoro asubuhi jua liko wapi?"

"Mashariki," akasema Shemasi.

"Klachi alikuwa anaendesha kuelekea wapi?"

"Alikuwa anakuja hapa. Magharibi."

"Basi jua lilikuwa kisogoni! Klachi, wewe una macho kisogoni? Hebu geuka tuone."

"Lilimpiga kwenye kioo cha pembeni!" Kiazi akafoka. "Likadunda, likaingia machoni! Wewe hujui fizikia, nyamaza uuze petroli."

"Likadunda! Jua limekuwa mpira wa kikapu!"

Hata Klachi nusura acheke, akajizuia. Ubavu ulimuuma kwa jambo jingine. Kwa sababu ukweli, ambao hajawahi kumwambia hata mkewe, ni kwamba jua halikumgusa. Kibao alikiona. Taa aliziona. Alikadiria kwamba mtoto wa akina Pavelka huwa anachelewa kutoka, akakanyaga mafuta. Na alipokuwa sambamba na basi akaona, upande ule wa mlango, chini ya tumbo la basi, mabuti mawili mekundu madogo ya binti wa Pavelka, aliyekuwa ameshapanda akashuka tena kurudia kitu nyumbani ng'ambo ya barabara, yameshagusa lami yanazunguka kuja mbele, kisha yakanyanyuka hewani ghafla, maana Arlys alikuwa amemdaka binti kwa mkoba wa mgongoni akamvuta juu kama paka na mtoto wake. Miezi sita Klachi analala na mabuti hayo. Mtu akiwa na aibu ya namna hiyo, hasira ndiyo blanketi lake.

"Mimi siendi," akasema. "Mwisho wa maneno."

"Sawa," akasema Kiazi, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Kama ni lazima mji upate sherehe, Bibi nitaendesha mimi."

Kila mtu akamgeukia.

"Wewe?" Klachi akauliza kama aliyetemewa mate.

"Kwani ni ndege? Klachi ni klachi. Unakanyaga, unaachia."

"Ukikanyaga moja kwa moja anakwama! Bibi unamkanyaga mara mbili, unamsubiri apumue, ndio unatia gia! Utamvunja mifupa mwanamke wa watu! Toka hapa! Wewe kibaraza kilichotulia miaka mia kimekushinda, utaweza gari la tani tisa?"

"Basi nenda wewe."

"Siendi!"

"Basi niachie."

"Sikuachii!"

"Ala! Huli, hutemi. Unataka nini, bwana?"

Shemasi alikunywa kahawa yake yote kabla ya kusema. Ni tabia yake, huwafanya watu wamsikilize wakitarajia kumbe hana kitu. Safari hii alikuwa nacho.

"Njia ya mwongo ni fupi, Klachi, lakini wewe umeitembea miezi sita. Viatu havijaisha?"

"Unaniita mwongo, Shemasi?"

"Nimekuuliza viatu."

Joleen akakohoa. "Hamjanisikiliza hadi mwisho. Kuna maneno yake Arlys mwenyewe hapa chini. Nisome, nisisome?"

"Soma," akasema Shemasi.

"Usisome," akasema Klachi.

Akasoma. "'Bi Vondracek alipoulizwa kuhusu mapokezi alisema: Mara kumi na moja nimewaleta mabingwa wa Orvale nyumbani, na mara zote nimefuata nyuma ya Bibi. Watu wanawapungia watoto, na ndivyo inavyotakiwa. Dereva hapungiwi, dereva anaangalia barabara. Mimi nitafika darajani saa sita mchana. Kukiwa na mtu, vizuri. Kusipokuwa na mtu, njia ya nyumbani naijua.'"

Kiazi akashusha kolachi kwenye sahani. Ilikuwa ya mwisho, nusu yake.

Klachi aliziona safari zote kumi na moja kwa mpigo. Yeye mbele, kwenye kioo chake kidogo kilichopasuka, basi la njano nyuma hatua ishirini, siyo kumi na tisa wala ishirini na moja. Hata mwaka ule wa barafu, Bibi alipoteleza, Arlys alilisimamisha basi lenye watoto arobaini bila mtoto mmoja kumwaga soda. Jioni ile Klachi alimnunulia kipande cha pai akamwambia, wewe ndiye dereva, mimi ni king'ora tu.

Akasimama. Kiti kikalia.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na robo," akasema Joleen.

"Bibi anahitaji nusu saa kupata joto. Joleen, nipe..." Akasita.

"Nikupe nini? Funguo? Funguo unazo mfukoni tangu saa moja, nazisikia zinalia kama kengele ya mbuzi. Redio ilitangaza alfajiri, na wewe redio yako haizimwi. Ulikuja hapa kubembelezwa, mzee, na tumekubembeleza. Toka!"

Klachi akazitoa zile funguo, masikio mekundu kuliko Bibi mwenyewe. Hata Shemasi aliangusha kikombe kitupu kwa kicheko.

Orvale haihitaji tangazo. Kufika saa tano na nusu, nyuma ya Bibi zilikuwa zimejipanga trekta sita, pikapu thelathini na ushee, bendi ya shule juu ya tela la majani makavu, na mkuu wa wilaya ya shule amechomoza juu ya paa la gari lake, simu mkononi, anarekodi kila kitu kwa ajili ya ukurasa. Joleen alifunga kituo cha mafuta, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kimbunga. Ndani ya Bibi, Klachi usukanini, Kiazi katikati amejibana kama gunia, Shemasi dirishani na kamba ya kengele.

"Tukifika darajani tutageuza, tutangojea kwa heshima," akasema Klachi.

Hawakufika. Walipomaliza kilima cha mwisho, king'ora kinalia, wakaliona basi la njano linakuja mbele kwa mbele. Arlys ni mtu wa saa. Yeye akisema sita, amefika dakika kumi kabla.

"Huyo! Huyo!" Kiazi akapiga makofi. "Pita naye, geuza mbele kule, tumtangulie!"

Hapo taa za njano za basi zikaanza kupepesa. Basi likapunguza mwendo. Likasimama katikati ya mashamba, hapana nyumba, hapana kituo, hapana mtoto wala mbuzi. Taa nyekundu zikawaka. Na ubavuni, polepole, kama mtu anayenyosha mkono kudai chake, kibao kikatoka. SIMAMA.

"Ah!" akasema Kiazi. "Hana mtoto hata mmoja mle! Pita, Klachi! Sisi ni zimamoto, tuna king'ora, nani atatushtaki?"

Klachi alikanyaga klachi mara mbili, akamsubiri Bibi apumue, akasimama. Alisimama mbali, hatua hamsini kamili. Nyuma yake trekta sita zikafunga breki, pikapu zikafunga breki, bendi ikaangukiana na mpiga tarumbeta akapuliza sauti isiyo kwenye wimbo wowote. Klachi akazima king'ora.

Dakika ikapita. Kibao kiko nje.

"Anafanya nini?" Kiazi akanong'ona.

"Anaangalia," akasema Shemasi.

Ya pili ikapita. Mkuu wa wilaya alirekodi hadi mkono ukamchoka akaubadilisha. Klachi hakutoa mikono usukanini.

Ndipo mlango wa basi ukafunguka. Arlys akashuka, mwanamke mfupi, mvi zimebanwa, koti la njano, kombe kwapani kama mkate. Akatembea hatua kumi mbele ya basi, vile anavyowafundisha watoto wa chekechea. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto tena. Akavuka, akaja moja kwa moja hadi dirishani kwa Klachi.

"Lavern."

"Arlys."

"Jua la leo halijakupiga machoni?"

Shemasi akaachia kamba ya kengele. Kiazi akafungua mdomo kumtetea rafiki yake, kama alivyozoea, lakini Klachi alimwekea mkono kifuani.

"Hata siku ile halikunipiga," akasema Klachi. "Lilikuwa kisogoni. Kibao nilikiona, Arlys. Nikapita makusudi."

"Mabuti mekundu," Klachi akasema. "Nilimwona. Kama usingemdaka... Kila nikifumba macho namwona. Nilipaswa kuja kwako siku ileile. Nikaona rahisi kukuchukia. Nisamehe."

Arlys akahamishia kombe kwapa la pili.

"Ulikuwa unawahi wapi, Lavern? Miezi sita najiuliza. Mtu mzima, barabara tupu, asubuhi. Nini hicho kilichokuwa kinakimbia?"

Klachi akainamisha kichwa.

"Kolachi za plamu," akasema. "Nilikuwa nawahi kabla Kiazi hajazimaliza."

Injini ya Bibi ikakohoa. Arlys akauma midomo. Mabega yakaanza kumtikisika, akaegemea mlango wa gari, akacheka hadi machozi yakamtoka, na huenda mengine hayakuwa ya kicheko. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa koti.

"Kesho baada ya ibada utakwenda kwa akina Pavelka, uwaambie ulivyoniambia."

"Nitakwenda."

"Haya. Geuza gari, washa king'ora chako. Hatua ishirini, usinikimbie."

Akageuka kurudi kwenye basi. Lakini ndani ya Bibi palikuwa na mtu amevimba kama chapati inayogeuzwa.

"Kwa hiyo lilikuwa kisogoni," akasema Kiazi.

"Kiazi, ndugu yangu..."

"Nimevaa kofia mbili! Nimeapa kwa kaburi la mama yangu! Nimewafundisha watu fizikia! Kumbe kosa lenyewe limenihusu mimi na mlo wangu! Nipishe, Shemasi. Nipishe nishuke. Mimi narudi mjini na basi. Kule angalau dereva ana kombe."

Akajikwamua, akashuka, akakimbia kwa mwendo wa ghala lililong'oka kumfuata Arlys barabarani.

"Arlys! Mama! Nipakie!"

Arlys alikuwa ameshakaa usukanini. Akamtazama kutoka utosini hadi viatuni.

"Umeangalia kushoto na kulia kabla ya kuvuka?"

Kiazi akasimama. Akageuza shingo nyuma barabarani, pikapu thelathini na ushee zinamtazama.

"Sikuangalia."

"Rudi uvuke upya."

Na mbele ya mji mzima, huku mkuu wa wilaya anarekodi, Kiazi akarudi, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia kushoto tena, akavuka.

"Kiti cha mbele, nikuone," akasema Arlys, akafunga mlango. Kibao kikajikunja ubavuni, na Klachi akawasha king'ora.